Pacha Aliyefuatwa: Kisa cha Judith na Joyce Scott

Judith na Joyce Scott walizaliwa tarehe 1 Mei 1943 mjini Cincinnati, jimbo la Ohio, Marekani. Wangezaliwa Shinyanga wangeitwa Kulwa na Doto na mambo yangeishia hapo. Hawakuwa pacha wa kufanana: Judith alizaliwa na hali ya Down, ulemavu wa kuzaliwa unaochelewesha ukuaji wa akili, Joyce hakuwa nayo. Judith alifariki mwaka 2005 akiwa na umri wa miaka 61, na leo sanamu zake za nyuzi zimo katika makumbusho ya sanaa ya Marekani na Ulaya. Katikati ya tarehe hizo mbili kuna takriban miaka 35 ambayo aliishi kwenye taasisi za serikali, bila shule na bila kazi.

Kisa hiki husimuliwa mara nyingi kama hadithi ya mapenzi ya ndugu: dada hakumsahau pacha wake, akaenda kumtoa, na kipaji kilichofichwa kikachanua. Yote hayo yalitokea. Ila ukikisoma polepole, kwa jicho la mtu ambaye nyumbani kwao kuna kaka au dada mwenye ulemavu wa akili, unaona kwamba mapenzi yalikuwepo tangu siku ya kwanza na kwa miaka 35 hayakumtoa Judith popote. Kilichomtoa ni karatasi ya kisheria, sheria ya jimbo jingine, na mahali palipokubali kumpokea mtu asiyeonyesha matunda yoyote. Dada ndiye aliyeviunganisha vitu hivyo vitatu. Huo ndio mchango wake ninaotaka kuuangalia.

Miaka saba ya mwanzo watoto hawa walikua pamoja nyumbani. Ulipofika wakati wa shule, Joyce akaanza, na Judith akapimwa akaonekana hafundishiki. Tusiwahukumu wazazi haraka. Marekani ya wakati ule, daktari kuwaambia wazazi wampeleke mtoto wa aina hii kwenye taasisi na waendelee na maisha yao lilikuwa jambo la kawaida kabisa, na mzazi aliyekataa alionekana anawaumiza watoto wake wengine. Shule ya mtaani haikuwa na wajibu wa kumpokea. Sheria ya taifa iliyolazimisha shule za umma kumsomesha kila mtoto mwenye ulemavu ilipitishwa mwaka 1975, Judith akiwa na miaka 32. Wazazi walikuwa na mlango mmoja tu ulio wazi, nao ulielekea taasisini.

Tarehe 18 Oktoba 1950 Judith alipelekwa Columbus State School, taasisi ya serikali ya Ohio yenye historia inayorudi nyuma hadi 1857. Joyce ameeleza kwamba aliamka akakuta nafasi ya pacha wake iko tupu. Hakuna aliyemuuliza, na kwa kweli nani angemuuliza? Alikuwa na miaka saba. Lakini hapa kuna jambo ambalo familia nyingi hulipuuza hata leo: uamuzi kuhusu mtoto mwenye ulemavu huchukuliwa kama jambo la wazazi na wataalamu, na watoto wengine hupewa matokeo tu. Siku moja mwenzao yupo, siku ya pili “amepelekwa”. Hawaambiwi kwa nini, hawaambiwi atarudi lini, na wanajifunza upesi kwamba kuuliza kunamliza mama. Miaka thelathini baadaye, wazazi wakiwa wazee au hawapo, ni hao hao wanaotarajiwa kushika jukumu, bila kuwahi kuketishwa na kuelezwa chochote.

Sasa tuje kwenye lile ambalo kwangu ndilo linalouma zaidi katika kisa kizima. Judith alipopokelewa taasisini alipewa kipimo cha akili, akaandikiwa alama 30. Kwa alama hiyo alinyimwa mafunzo yote, hata yale machache yaliyokuwepo mle ndani. Maswali ya kipimo hicho yaliulizwa kwa mdomo. Na Judith alikuwa kiziwi.

Alipoteza usikivu akiwa mchanga, kwa sababu ya homa nyekundu (scarlet fever). Wazazi hawakujua. Aliyempima hakujua. Taasisi iliishi naye miaka mingi kabla jambo hilo halijagunduliwa. Mtu aliulizwa maswali asiyoyasikia, akakaa kimya, na kimya chake kikaandikwa kuwa ndicho kiwango cha akili yake. Baada ya hapo karatasi ile ikawa inamtangulia kila alikokwenda.

Wala pacha wake hakujua. Nimelitafakari hili mara nyingi, kwa sababu linapingana na imani yetu kwamba ndugu wa karibu ndiye anayejua kila kitu. Nionavyo mimi, ukaribu wenyewe ndio uliosaidia kuuficha uziwi. Watoto wawili wanaocheza siku nzima hawahitaji maneno mengi: mmoja anavuta mkono, mwingine anaangalia macho, mmoja anaonyesha kidole, mwingine anacheka. Joyce alijaza mapengo bila kujua kuwa ni mapengo. Katika nyumba nyingi za kwetu yupo dada kama huyo, yule ambaye watu wanasema “huyu ndiye anayemwelewa”. Mgeni akija, anaitwa atafsiri. Ni kazi ya thamani, lakini ina hasara yake: maadamu mkalimani yupo, hakuna anayehangaika kutafuta kwa nini mwenzake hasemi. Anasemewa tu.

Kwa hiyo kama nyumbani kwako kuna mtoto ambaye amesemekana “akili yake nzito”, masikio na macho yapimwe kwanza, akili baadaye. Kenya kuna vituo vya kupima watoto na kuwaelekeza shuleni tangu 1984, vile vinavyojulikana kama EARC. Tanzania shule ya viziwi ya Tabora ilianza 1963 na ya Buguruni 1974. Maana yake, mtoto aliyezaliwa Tabora miaka kumi na tano tu baada ya Judith alikuwa na shule ya viziwi mjini kwao alipofikia umri wa kwenda shule. Na bado, leo hii, wapo watoto viziwi wanaokaa ndani kwa jina la ulemavu wa akili kwa sababu hakuna aliyepiga makofi nyuma yao aone kama watageuka. Mtu mwenye hali ya Down hasa ndiye anayepaswa kupimwa masikio, maana matatizo ya usikivu ni ya kawaida sana kwao hata pasipo homa yoyote.

Kutoka Columbus, Judith alihamishiwa Gallipolis, kusini-mashariki mwa Ohio. Kuhusu miaka hiyo hakuna mengi ya kusimulia. Joyce alisoma, akahama, akajenga maisha yake, hatimaye akaishi California, upande wa pili wa nchi.

Katikati ya miaka ya 1980 akaamua kumchukua pacha wake. Wengi wanaosimulia kisa hiki wanaanza kuchangamka hapa, na mimi naomba tukae kidogo na sehemu wanayoiruka: haikuwa jambo la kufika langoni na kusema “nimekuja kumchukua ndugu yangu”. Kuzaliwa naye siku moja hakukumpa Joyce haki ya kutia saini hata kwenye karatasi moja. Ilibidi kwanza awe mlezi wake wa kisheria, na baada ya majadiliano marefu ndipo akaruhusiwa kumhamisha kutoka Ohio hadi California. Walipoondoka, wote wawili walikuwa wamevuka miaka arobaini.

Kwa nini nasisitiza saini? Kwa sababu msaada wa ndugu wengi unaishia pale saini inapohitajika. Kaka atamwogesha mdogo wake, atamlisha, atambeba mgongoni hadi zahanati, atanunua dawa. Siku ya kufungua akaunti, kupinga uamuzi wa shule, kuomba uhamisho au kukataa dawa fulani, anaambiwa mzazi aje, au mwenyewe aje. Mzazi yuko kaburini. Mwenyewe yuko hapo, lakini hakuna anayemsikiliza. Wapo ndugu waliobeba mzigo miaka ishirini wakiwa, mbele ya sheria, wapita njia tu.

Upande wa pili wa saini hiyo upo pia, na itakuwa unafiki kuunyamazia. Kila mtu aliyewahi kukaa kwenye kikao cha mirathi anajua fungu la yule mwenye ulemavu linavyozungumzwa: “tutamtunzia”. Kiwanja kinatunzwa hadi kinakuwa na nyumba ya mtu mwingine. Shamba linatunzwa hadi mwenyewe hajui liko wapi. Ulezi usio na wa kuuliza hesabu ni njia rahisi kabisa ya kumdhulumu ndugu yako huku ukisifiwa kwa huruma. Katika kisa cha akina Scott ulezi ulitumika kumfungulia Judith mambo aliyokuwa amefungiwa, na hilo ndilo swali la kumuuliza mlezi yeyote: tangu ushike karatasi hii, mwenzako amepata nini ambacho hakuwa nacho?

California ilikuwa na kitu ambacho kilimsaidia Joyce kulijibu. Mwaka 1969 jimbo hilo lilipitisha sheria inayojulikana kwa jina la Lanterman, baadaye ikapanuliwa, inayompa mtu mwenye ulemavu wa ukuaji, ule unaoanza utotoni kama wa Judith, haki ya kupata huduma anazohitaji ili aishi katika jamii. Haki hiyo haikutegemea alama 30 ya mwaka 1950. Joyce hakulazimika kuthibitisha kwamba dada yake “anafaa”. Alitakiwa kutafuta mahali tu.

Mahali pakapatikana Oakland: Creative Growth, kituo cha sanaa kwa watu wazima wenye ulemavu, kilichoanzishwa 1974 na mwanasaikolojia Elias Katz na mkewe Florence Ludins-Katz, aliyekuwa msanii. Kilianzia kwenye gereji ya nyumbani kwao, wakati ambapo taasisi kubwa zilikuwa zinapunguza watu na wengi wakitolewa bila pa kwenda. Utaratibu wa pale ni mwepesi kueleza, mgumu kutekeleza: mtu anapewa meza, vifaa na muda, na wasanii wanaofanya kazi pale wanamsaidia anapohitaji. Hafundishwi kuchora ua la njano kama la mwalimu. Anachotengeneza ni chake.

Judith alianza kwenda huko mwaka 1987. Na kwa karibu miaka miwili hakufanya lolote la kusimuliwa.

Nasema hivyo kwa makusudi. Alipewa rangi na penseli, akachora mizunguko na mikwaruzo, akachoka. Hakuvutiwa. Akiwa kiziwi asiyejua lugha ya alama wala kusoma, hapakuwa na njia ya kumweleza sana wala yeye kujieleza. Mtu mwingine angeandika ripoti: mshiriki hajaonyesha maendeleo, nafasi apewe mwingine. Mfadhili angetaka kuona mabadiliko ndani ya mwaka. Na ndugu, tuseme ukweli, ndugu ndiye wa kwanza kukata tamaa kwa namna yake: anaanza kumsukuma mwenzake, anamkalia kichwani, anamfanyia yeye mwenyewe ili matokeo yaonekane, au anamrudisha nyumbani akisema “tulijaribu”. Joyce hakumrudisha. Kituo hakikumwondoa. Asubuhi alikwenda, jioni alirudi.

Ningepewa kukitathmini kisa hiki, ningekitathmini hapo hapo, kabla uzi haujafungwa kwenye kitu chochote. Mwanamke wa miaka arobaini na kitu, aliyefungiwa tangu utotoni, sasa anaishi karibu na dada yake, ana mahali pa kwenda, anakaa mezani na watu wanaomwona mtu mzima, na ana haki ya kuchoka na rangi. Je, Joyce alikuwa amefanikiwa? Mimi nasema ndiyo, asilimia mia. Yaliyofuata yakawa makubwa kiasi kwamba yanatufanya tusahau swali hilo, na hapo kisa hiki kinaweza kuwa na madhara. Mzazi wa Morogoro au Kisumu anaposoma kuhusu sanamu zinazosafirishwa ng'ambo, anamgeukia wa kwake na kuanza kutafuta kipaji. Asipokiona, anahisi amedanganywa. Wengi wa ndugu zetu hawatakuwa na kipaji cha kuonyeshwa kwa watu, kama ambavyo wengi wetu hatuna, na stahili yao ya kufuatwa walikofungiwa haipungui.

Basi ikawa siku moja msanii mgeni aitwaye Sylvia Seventy alikuja kufundisha kazi za nyuzi. Judith alitazama. Hakufuata somo. Alichukua vijiti, akavifunga pamoja kwa uzi na vipande vya nguo, akaendelea kufunga. Walimu wakamwacha. Sehemu hiyo ya kumwacha ni ndogo kwenye simulizi lakini ilihitaji busara, maana somo la siku lilikuwa jingine.

Kuanzia hapo, hadi mwisho wa maisha yake, alifanya kazi siku tano kwa wiki. Alitengeneza zaidi ya vitu 200. Anaanza na kitu chochote alichokipata, viti, feni, tairi la baiskeli, wakati mwingine kilichookotwa pale kituoni bila ruhusa ya mwenyewe, kisha anakizungushia uzi, sufi, kamba na vitambaa, tabaka juu ya tabaka, hadi cha ndani hakionekani tena. Kazi moja kubwa ina kitoroli cha dukani ndani yake. Nyuzi zilipomwishia, alichukua karatasi za kukaushia mikono, akazipasua na kuzifunga fundo kwa fundo, na sanamu nzima ikatokea kwa rangi hiyo moja ya karatasi. Hakuzipa majina. Alipoona imetosha, aliisukuma kando na kuanza nyingine. Kwenye picha za miaka hiyo anaonekana amejifunga vilemba vya rangi, shanga shingoni. Mtu aliyeanza kujipamba mwenyewe baada ya miaka mingi ya kuvishwa nguo za taasisi.

Joyce alifanya nini katika miaka hiyo? Kwenye sanamu zenyewe, hakufanya chochote, na ndiyo sifa yake. Hakushika uzi. Hakuwa kocha. Alibaki dada: mtu wa kurudi kwake, mtu wa kushika karatasi, mtu anayejua kwamba huyu hapendi kile na anapenda hiki. Kuna aina ya msaada wa ndugu inayomfanya mwenye ulemavu kuwa mradi. Kila mafanikio yake yanakuwa ya ndugu, na kila siku mbaya inakuwa aibu ya familia. Hapa palikuwa na watu watatu wenye kazi tofauti, dada, kituo na Judith mwenyewe, na hakuna aliyekaa kwenye kiti cha mwenzake.

Mwaka 1999 mtaalamu wa historia ya sanaa, John MacGregor, alichapisha kitabu kizima kuhusu kazi zake, na maonyesho yake ya kwanza makubwa yakafanyika mwaka huo huo. Watu wakaanza kuona pacha kila mahali. Sanamu nyingi zina maumbo mawili yaliyofungwa pamoja, na tafsiri ikaja yenyewe: huyu anamfunga dada yake asipotee tena. Inawezekana. Mimi nakiri inanigusa, lakini siiamini moja kwa moja. Judith hakusema. Yaliyosemwa yote yamesemwa na wengine, na sisi tunaowasaidia ndugu tunapenda sana kujiona katikati ya maisha yao. Tungependa sanamu zitushukuru. Mpiga picha Leon Borensztein ana picha mashuhuri ya Judith akiwa ameikumbatia sanamu yake kwa mikono miwili, uso umelala juu yake. Pale nikitazama namwona yeye na kazi yake, simwoni dada. Makumbusho ya Brooklyn, New York, ilipofanya maonyesho makubwa ya kazi zake kuanzia Oktoba 2014 hadi Machi 2015, waandaaji walijaribu kumwonyesha kwanza kama mchongaji wa zama zetu, historia yake ya kusikitisha ikiwa nyuma. Mwaka 2017 kazi zake zilionyeshwa Venice, kwenye maonyesho makuu ya sanaa ya mji huo. Joyce naye aliandika kumbukumbu zake, zilizotoka 2016, na hapo anasimulia ya kwake, kama ilivyo haki yake: huzuni ya yule aliyebaki nyumbani nayo ni sehemu ya kisa.

Kuna tofauti moja ambayo msomaji wa Afrika Mashariki lazima aione kabla hajamnyooshea kidole mtu nyumbani kwake akisema “muige Joyce”. Joyce alichukua jukumu hili akiwa mtu mzima, kwa uamuzi wake, na huko alikompeleka pacha wake serikali ilikuwa na wajibu kisheria. Kwetu jukumu hili kwa kawaida humwangukia msichana wa miaka kumi na miwili. Mama anakwenda sokoni, baba yuko kazini au hayupo, na mtoto wa kike anabaki na kaka yake mwenye mtindio wa ubongo: kumgeuza, kumlisha uji kijiko kwa kijiko, kumsafisha. Shuleni anakosa siku moja kwa wiki, kisha mbili. Hakuna aliyeamua hivyo. Ilitokea tu kwa sababu yeye “ana huruma” na kaka zake wakubwa “wana mambo”. Akiolewa, jukumu linahamia kwa mdogo wake. Asipoolewa, watu wanasema ni kwa sababu ya mgonjwa, na uchungu unamgeukia asiye na kosa.

Kumsifia msichana huyo hadharani kwamba ana moyo wa dhahabu ni njia ya kukwepa kugawana kazi naye. Kikao cha familia kinachofanya kazi kinagawa vitu vinavyopimika: nani analala naye Jumamosi, nani analipa pempasi na nauli ya mazoezi, nani anakwenda ofisi ya ustawi wa jamii, nani anahakikisha amesajiliwa na ana kitambulisho na bima, nani anamtembelea akiwa bweni. Kaka aliye Muscat au Dallas anayetuma fedha amefanya sehemu yake, na aambiwe wazi kiasi kinachotakiwa kila mwezi badala ya kuachiwa atume moyo unapomtuma. Na kuna jukumu dogo ambalo kila mtu anaweza kulitimiza, hata mtoto: kukaa naye bila kumhudumia. Kucheza naye karata au kuangalia mpira. Watu wenye ulemavu mkubwa wanaweza kupita wiki nzima wakiguswa na mikono mingi na kila mkono una kazi, hakuna aliyekuja kukaa tu.

Liko pia suala la umri, na hapa hata kisa cha akina Scott kiliachwa bila jibu. Mwaka 1983, muda mfupi kabla Joyce hajamchukua pacha wake, wastani wa maisha ya mtu mwenye hali ya Down Marekani ulikuwa karibu miaka 25. Leo ni karibu 60. Judith, aliyezaliwa katika enzi ya matarajio madogo zaidi, alifika 61, akafariki Machi 2005 nyumbani kwa dada yake, Dutch Flat, California. Zamani familia zilipanga, bila kusema, kwamba mtoto kama huyu atatangulia wazazi. Sasa atawazika. Mlezi wa Judith alikuwa na umri ule ule kama yeye, na hakuna aliyeweza kuwa na hakika nani angeanza kuondoka. Aliondoka Judith, na swali la nani angefuata baada ya Joyce halikuulizwa tena.

Kwetu litaulizwa. Dada wa miaka 58 anayemtunza kaka wa miaka 55 hawezi kuwa mpango mzima wa ukoo. Wapwa na watoto wa kaka wanapaswa kujua tangu wakiwa vijana kwamba mjomba ana dawa zipi, anaogopa nini, fungu lake la shamba ni lipi na hati iko wapi, na waandikwe wawili, wa kwanza na wa akiba, mbele ya mashahidi, akiwepo mjomba mwenyewe. Aulizwe anamtaka nani kati yao. Hata asiyeongea huonyesha, akipewa muda.